Mchele Upo, Bado Kufika

Ijumaa moja, watu wakitoka kusali, Akida Mfaume alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa mbele ya msikiti wa Ngorongo, akakohoa kikohozi cha kiserikali, akatangaza kwamba kuanzia saa ile upungufu wa bidhaa umefutwa.

"Umefutwa," alirudia. "Katika maduka yote ya Ngorongo kila kitu kipo. Atakayesema hakipo amevunja amri. Atakayesikia mwenzake akisema hakipo, akaacha kunipa taarifa, amevunja amri mbili."

Watu wote wakageuka kumtazama Bi Zena, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake ng'ambo ya uwanja. Maduka yote ya Ngorongo yalikuwa moja, nalo lilikuwa lake.

Bi Zena aligeuka naye kulitazama. Enzi za marehemu mumewe Abdulla duka lile lilikuwa duka hasa. Chumvi ilipanda na mto kutoka Kiongoroni, kaniki na mafuta ya taa vikaja kwa vichwa vya wapagazi kupitia Kibiti, na mchele ulijaa mpaka paka akakosa pa kulala. Sasa ulikuwa mwaka wa vita vya Maji Maji. Milima ya Umatumbi ilikuwa inawaka moto, wenye vyombo walikataa kupanda mto, na wapagazi wa Kibiti walikuwa wamegundua, wote kwa pamoja, kwamba wana maumivu ya mgongo. Dukani mlibaki mizani, shanga za buluu, na jembe lisilo mpini. Jembe hilo hapakuwa na mtu wa kulinunua, kwa kuwa siku zile ukionekana na jembe ulipelekwa kulima pamba ya serikali.

Upande wa mchele, hali ilikuwa na maelezo yake. Mavuno hayakuwa mabaya. Ila baada ya mavuno Akida Mfaume alipita nyumba kwa nyumba na watu wake akauchukua mchele ili kuulinda usiliwe na waasi. Aliupeleka kwenye ghala lililoko nyuma ya nyumba yake. Kisha akawaambia watu wa Ngorongo kuwa Boma la Mohoro limeuchukua wote, na akaliambia Boma la Mohoro kuwa gharika imeuchukua wote. Kwa hiyo mchele ule ulikuwa umechukuliwa mara mbili bila kuvuka kizingiti cha ghala lake, na watu wa Ngorongo wakawa wanachimba mizizi ya ming'oko porini na kuchemsha.

Jioni ile Akida alifika dukani na bakora yake, mwavuli wake, na karani wake Zubeiri.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Akida. Shikamoo."

"Marahaba. Bi Zena, Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa Boma la Mohoro, anapita kwenye vijiji vya mto kutazama kama nchi imetulia. Nimemtumia habari kwamba Ngorongo imetulia kiasi kwamba duka limefurika mali. Sasa nataka unielewe. Hawa waasi wametokana na nini?"

Bi Zena alitaka kusema pamba, kodi na viboko, lakini akaona ni jioni nzuri, haina haja ya kuharibiwa. "Sijui, Bwana Akida."

"Wametokana na manung'uniko. Manung'uniko yametokana na nini? Na neno 'hamna'. Mtu anakuja dukani, anaomba chumvi, anaambiwa hamna. Anaomba mafuta, hamna. Anarudi kwao na moyo mweusi. Kesho amevuka mto kwenda kunyweshwa maji ya dawa. Kwa hiyo nimeunda Idara ya Wingi wa Bidhaa na Uso Mkunjufu. Huyu Zubeiri ndiye Msimamizi wa Mapokezi ya Wateja."

Zubeiri aliinamisha kofia. Alikuwa kijana mwembamba aliyependa utaratibu kama wengine wanavyopenda halua.

"Mteja akiomba kitu," alieleza Zubeiri, "wewe utamwambia, 'Kipo, bado kufika.' Utasema huku ukitabasamu. Naye atajibu, 'Ahsante, nimehudumiwa.' Atatoka kwa mguu wa kulia."

"Na akitoka kwa wa kushoto?"

"Atafagia uwanja wa Bwana Akida."

"Na mimi nikisema lile neno?"

"Utafagia pia. Halafu utachapwa, kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara na unatazamiwa kujua zaidi."

Asubuhi yake Zubeiri aliketi dukani kwenye kigoda kusimamia. Mteja wa kwanza alikuwa Bi Tabu, mjane wa jirani, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Zena, mwanangu, nipe chumvi kidogo. Ming'oko hii bila chumvi ni kama kutafuna mkeka."

Bi Zena alitazama chini. Halafu akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. "Chumvi ipo, Bi Tabu. Bado kufika."

"Imefika wapi?"

"Bado kufika."

"Sasa kama bado kufika, ipo wapi?"

"Ipo," alisema Zubeiri kutoka kwenye kigoda. "Hilo ndilo kubwa. Mengine ni mambo ya safari."

Bi Tabu akamtazama yule kijana kutoka kofia hadi makubadhi. "Weye Zubeiri, mamako nilimzalisha miye. Ulitoka umetanguliza miguu, na mpaka leo unatangulizia mambo miguu. Nina njaa."

"Sema, 'Ahsante, nimehudumiwa.'"

"Nimehudumiwa na nani? Na nini?"

"Nitakuandika kufagia, Bi Tabu."

"Niandike! Uwanja wa Akida nimeufagia tangu hajaota ndevu."

Akatoka kwa mguu wa kushoto, kwa makusudi, akiukanyagisha kama anaua nge. Kufikia adhuhuri uwanja wa Akida ulikuwa na wafagiaji wengi kuliko majani, na Zubeiri akamwandikia mkuu wake kwamba usafi wa mji umepanda sana tangu Idara ianze kazi.

Bi Zena hakucheka. Usiku alikuwa hapati usingizi. Kuwaambia majirani hamna lilikuwa jambo chungu, lakini lilikuwa la kweli, na mtu akiambiwa kweli huenda zake kutafuta kwingine. Kumtabasamia mwenye njaa kulimtia aibu kama aliyevuliwa kanga sokoni.

Siku chache kabla Bwana Shauri hajafika, Idara ilijaza duka. Akida alitoa magunia matupu, watu wakaamriwa kwenda penye vinu vya mji mzima kukusanya pumba. Pumba zikajazwa magunia, magunia yakashonwa midomo, yakapangwa mpaka darini. Madebe ya mafuta ya taa yakajazwa maji ya mto. Mfuko wa sukari guru ukajazwa udongo wa kichuguu, rangi ikafanana vizuri mno hata nzi mmoja akatua, akakaa, akaondoka amefadhaika.

"Tazama!" Akida alisema, amesimama katikati ya duka mikono kiunoni. Machozi yalimlengalenga kwa kweli. "Bi Zena, umewahi kuona wingi kama huu?"

"Sijawahi, Bwana Akida."

Bwana Shauri alifika asubuhi kwa mitumbwi, na askari wake, na wapagazi wake waliokonda kama fito. Alikuwa Mdachi mrefu mwenye masharubu mekundu, na Kiswahili chake kilitembea kwa gwaride, kila neno limesimama peke yake. Aliingia dukani akalazimika kuinama. Akatazama magunia. Akatazama madebe. Uso wake ukafunguka.

"Hii," akasema, "ni duka."

"Ni duka, Bwana Mkubwa," Akida akathibitisha.

"Kote nimepita, watu wanasema hamna, hamna. Hapa, kumbe! Mama, mimi ni mteja. Nataka mchele."

Zubeiri alimtolea Bi Zena jicho. Bi Zena akatabasamu kwa mujibu wa maagizo. "Mchele upo, Bwana Mkubwa. Bado kufika."

Bwana Shauri aligeuka kuyatazama magunia, akamgeukia tena. "Na hii?"

"Hii... imefika."

"Basi?"

"Imefika kabla ya kufika," Akida alidakia, jasho likimtoka chini ya kilemba. "Ni desturi ya wanawake wa huku, Bwana Mkubwa. Wana haya. Mtu haoneshi mali yake yote mara moja."

Bwana Shauri aliitikia kwa kichwa akionekana kuiheshimu desturi. Halafu, kabla mtu hajawahi kupumua, alishika gunia moja kwa mkono mmoja akaliinua juu ya kichwa chake.

Bwana Shauri alilitazama gunia, akautazama mkono wake. Akaliinua la pili kwa mkono mwingine.

"Hewa ya mto huu," akasema polepole, "inanifaa sana."

Akayaweka chini, akajipapasa msuli, akaamuru: chakula chake alichokuja nacho kiandaliwe, ale, alale kidogo. Akiamka, magunia yote yatolewe uwanjani. Askari na wapagazi wapikiwe washibe, maana walikuwa hawajala vizuri tangu Mohoro, na mchele utakaobaki atakwenda nao. Kisha akaenda nyumbani kwa Akida, akatandikiwa kitanda, na punde mkoromo wake ukasikika mpaka kisimani.

Akida Mfaume alirudi dukani mbio, amesahau mwavuli. Akafunga mlango.

"Bi Zena," alisema kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo siku zote, "nimefikiri. Bwana akiamka akakuta pumba, nitasema mwenye duka ni mwizi. Kwamba ulikuwa na mchele, umeuuza kwa magendo, ukaweka pumba. Usiogope. Nitakuombea uchapwe kidogo tu."

Bi Zena aliketi juu ya madebe ya maji. Mwaka ule watu walikuwa wametundikwa mitini kwa makosa madogo kuliko gunia la pumba, na Akida alilijua hilo kama yeye. Alimtazama yule mtu, ndevu zake zilizopakwa hina, pete yake ya akiki, na aibu yote ya siku zile, tabasamu zote zile alizolazimishwa, vikampanda kifuani vikawa kitu kingine. Akasimama.

"Haya, Bwana Akida. Useme hivyo. Naye ataniuliza, mchele uko wapi. Unajua nitamjibu nini?"

"Nini?"

"Nitamjibu kama mlivyonifundisha. Sina neno jingine, jingine mmelipiga marufuku. Nitasema, 'Upo, Bwana Mkubwa. Bado kufika.' Na akiniuliza upo wapi, nitanyoosha kidole."

Akanyoosha. Kidole kilipita dirishani, kikavuka uwanja, kikapita juu ya paa la nyumba ya Akida, kikatua kwenye ghala.

Ndimo ulimokuwa mchele ambao Akida aliliambia Boma kuwa umechukuliwa na gharika.

"Bi Zena. Dada yangu. Mtu wa kwetu."

"Amelala," Bi Zena alisema. "Kutoka ghalani mpaka hapa si mbali. Mchele na ufike."

"Nani ataubeba? Askari wakiona?"

"Askari wapo mtoni wanaoga. Watu wa kubeba nitakuitia miye."

Huko nyuma, Akida alipohitaji watu wa kazi ya serikali ilimbidi awafukuze mpaka kwenye mapori ya mianzi. Siku ile walijaa kabla Bi Tabu hajamaliza kunong'ona kwenye nyumba ya pili. Walikuja wanaume, wakaja wanawake, akaja mzee Mtoro ambaye ilisemekana hawezi kusimama. Hapakuwa na aliyeuliza ujira. Magunia ya mchele yalitoka ghalani yakaingia dukani kwa mlango wa mbele, na magunia ya pumba yakatoka dukani yakaingia ghalani kwa mlango wa nyuma. Njia yenyewe ilipita chini ya dirisha la Bwana Shauri, hivyo mkoromo ukipanda watu walitembea, ukishuka wanasimama, mguu mmoja hewani, gunia kichwani. Mara moja ulikatika kabisa. Mji mzima ukaganda. Akida, aliyekuwa amebeba gunia mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwake, alionekana akisoma dua kwa midomo. Kisha ndani ya chumba mtu akatafuna kitu usingizini, akageuka upande, akakoroma upya, na serikali ikaendelea na kazi.

Zubeiri alisimama katikati akielekeza njia. "Mchele kulia! Pumba kushoto! Kwa utaratibu!" alinong'ona. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote katika utumishi wake.

Bwana Shauri aliamka alasiri, akanawa uso, akatoka akaita askari wake wakusanyike mbele ya duka. Alitaka waone jambo. Akashika gunia kwa mkono mmoja, akavuta.

Gunia halikusogea. Akavuta tena, masharubu yakatetemeka. Akashika kwa mikono miwili. Kitu kikalia mgongoni mwake, mlio mdogo kama wa kuni kavu. Askari walikuwa wametazama mbele kwa nidhamu kubwa.

"Nimelala sana," Bwana Shauri akasema hatimaye, akijinyoosha kwa shida. "Kulala mchana kunaondoa nguvu. Andika hiyo."

Zubeiri akaandika.

Gunia likapasuliwa, mchele mweupe wa Rufiji ukamwagika kwenye jamvi, na harufu yake ikafanya watu wazima wageuke pembeni kupangusa macho. Vyungu vikatelekwa. Askari wakala. Wapagazi wakala, wakaongezwa, wakala tena, wakalegeza shuka zao, wakaaga kwamba wanakwenda kunawa mikono mtoni.

Hawakurudi. Walipotafutwa, ilionekana wamenawa, wakavuka, na wanaendelea kuvuka mito mingine. Kwa muda mrefu hawakuwa na nguvu ya kutoroka, na sasa serikali ilikuwa imewapa.

Bwana Shauri alitazama mizigo yake, akatazama lile lundo la magunia ambalo hakuwa na kichwa hata kimoja cha kulibeba. Alitafakari.

"Vizuri," akasema. "Mchele ubaki hapa dukani. Mama auze kwa watu, leo leo. Mtu mwenye mchele nyumbani hatavuka mto kwenda kwa waasi. Hiyo ni amri."

"Bwana Mkubwa," Akida alisema kwa sauti nyembamba, "labda ungerudishwa... ungewekwa mahali pa usalama. Mimi ninalo ghala..."

"Ghala lako lina nini?"

Akida akatazama kule. "Pumba, Bwana Mkubwa."

"Pumba! Duka limejaa mchele, na Akida anakaa na pumba!" Bwana Shauri alimshika bega, ameguswa sana. "Mtu wa namna hii nimemtafuta nchi nzima. Unajua kujaza duka la watu, hujifikirii mwenyewe. Akida Mfaume, kuanzia leo wewe ni Msimamizi wa Chakula cha Askari, kambi ya milimani, Umatumbi. Tunakwenda pamoja sasa hivi, kabla jua halijazama."

Watu wa Ngorongo walipiga makofi. Vigelegele vilianza upande wa Bi Tabu vikaenea uwanja mzima. Haijawahi kuonekana Akida akipandishwa cheo kwa furaha ya watu wake kiasi kile.

"Na ghala la huko kambini, Bwana Mkubwa," Akida aliuliza, "lina nini?"

"Hamna," Bwana Shauri akasema.

Zubeiri alishtuka kulisikia lile neno, akachovya kalamu, kisha akafikiri uwanja wa kufagia ni wa nani, akaipangusa kalamu taratibu.

"Hamna kitu kabisa," Bwana Shauri akaendelea kwa uchangamfu. "Askari wana njaa sana, na hasira. Wana bunduki. Utawapokea wewe. Chukua chakula chako cha njia, mizigo yako utabeba mwenyewe. Filimbi ikilia, mtumbwini."

Dukani kwa Bi Zena, wakati huo, biashara ilikuwa imechangamka. Alikuwa amesimama nyuma ya mizani, mikono imejaa unga wa mchele mpaka kwenye viwiko, na mbele yake mstari wa watu ulitoka mlangoni, ukazunguka uwanja, ukapita msikiti. Kwa kuwa amri ilisema auze, aliuza. Aliuza kwa boga, kwa ufagio, kwa yai la kanga, kwa kuni mbili. Mzee Mtoro alilipa kwa ugoro, akapewa na chenji ya ugoro huohuo.

Bi Tabu alikuwa mbele kabisa, ameinama juu ya pishi.

"Huu una chuya, Zena."

"Una chuya kidogo, Bi Tabu. Utapeta."

"Nipete? Mchele niliulima miye, nikautwanga miye. Ulipochukuliwa kwangu haukuwa na chuya. Nibadilishie."

"Nitakubadilishia."

"Na usinitabasamie. Nimechoka kutabasamiwa."

"Sitabasamu," alisema Bi Zena, na kwa hakika alikuwa amenuna vizuri kabisa, uso wake wa siku zote za biashara, uso ambao Ngorongo haikuuona tangu Ijumaa ile ya kinu. Akamwaga mchele, akafungua gunia lingine.

Akida Mfaume aliingia kwa mlango wa pembeni na kijifuko mkononi. "Bi Zena, nipimie upesi cha njiani, mtumbwi unanisubiri."

Zubeiri, kwenye kigoda chake, aliinuka kwa heshima zote. "Shikamoo, Bwana Akida. Mteja huanzia nyuma ya mstari."

"Zubeiri! Mimi ndiye niliyekuweka!"

"Ndiyo, Bwana Akida. Na ukaniambia nisimbague mteja. Nyuma ya mstari ni pale, penye mkunazi."

Watu walimpisha kwa adabu kubwa ili apite kwenda nyuma. Alikwenda, akasimama penye mkunazi, kijifuko chake mkononi, akachungulia mbele. Mbele, Bi Tabu alikuwa amechukua punje moja akaiuma, akaitema kiganjani, akaiinua kwenye mwanga kuichunguza.

"Hili gunia ni afadhali," alisema. "Lakini kwanza nioneshe na lile la chini."

Bi Zena akaanza kushusha magunia ya juu, moja baada ya jingine, bila haraka. Mtoni filimbi ikalia. Ikalia tena, kwa ukali zaidi, na kule nyuma ya mstari kukazuka kusukumana.

Bi Tabu akageuka, mkono kiunoni. "Nani huyo hana adabu? Hamwoni watu tunahudumiwa?"